Kuku katika Pembe ya Picha: Vitabu vya Awali kuhusu Sinema na Taswira ya Mtazamaji Mwafrika

Historia ya sinema katika Afrika Mashariki aghalabu huandikwa kana kwamba ni historia ya filamu zenyewe. Mhakiki hutarajiwa aitazame filamu, aieleze, kisha aitolee hukumu. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya filamu za awali zilizotengenezwa katika eneo hili haiko tena. Mradi uliojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu 35 kati ya mwaka wa 1935 na 1937, nazo zinazojulikana kuwa zimesalia ni 3 tu. Kilichodumu ni kitabu: The African and the Cinema, kilichoandikwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham na kuchapishwa London mnamo mwaka wa 1937. Kwa hiyo yeyote anayeuzungumzia mradi huo, hata anapodai kuwa anazungumzia filamu, anazungumzia kitabu. Hata hivyo, vitabu vya aina hii vimekuwa vikitumiwa kama ghala la takwimu na tarehe, ilhali ni matini kamili, zenye msimulizi, wahusika, visa na mkakati wa ushawishi. Makala haya yanavisoma kwa jicho hilo. Lengo ni kuonyesha jinsi vilivyomuumba mhusika mmoja, yaani mtazamaji Mwafrika asiyeweza kuisoma picha, na jinsi mhusika huyo alivyogeuzwa kuwa msingi wa kanuni za utengenezaji wa filamu.

Mradi wenyewe ulizaliwa nje ya ulingo wa sanaa. Baraza la Kimataifa la Wamishenari lilikuwa limemtuma J. Merle Davis kuchunguza athari za migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini katika maisha ya Waafrika, na matokeo ya uchunguzi huo yalichapishwa mwaka wa 1933 katika kitabu Modern Industry and the African. Moja ya fikra zilizotokana na kazi hiyo ilikuwa kwamba sinema ingeweza kumsaidia mtu aliyeng'olewa kijijini aielewe dunia mpya iliyomzunguka. Shirika la Carnegie la New York likatoa fedha. Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba ya mkonge, alikuwa amefikiria tangu mwaka wa 1926 kwamba sinema shambani ingewafanya vibarua waridhike na kazi. Latham alikuwa mkurugenzi wa zamani wa elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini. Kambi ikajengwa Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika.

Inafaa kutua kidogo hapa. Chimbuko la kitabu cha kwanza kikubwa kuhusu ufundi wa filamu katika eneo letu ni shamba la mkonge na mgodi wa shaba. Mtazamaji anayefikiriwa humo alianza akiwa kibarua kabla ya kuwa hadhira, na swali la kama ameielewa filamu halikutenganishwa kamwe na swali la kama atatulia. Malengo yaliyotajwa na mradi yanasikika kuwa ya heri: kuwasaidia watu wazima kuzoea hali mpya, kutilia nguvu mafundisho ya darasani na kliniki, kuhifadhi yaliyo mema katika mila, na kutoa burudani. Lakini anayeamua lipi ni jema katika mila ni mwenye kamera.

Kwa upande wa ufundi, kitabu hicho kina utajiri ambao wahakiki wengi wameupita mbio. Filamu zilipigwa kwa mkanda mwembamba wa milimita 16 ili kupunguza gharama. Sauti haikuwa kwenye mkanda bali kwenye santuri zilizopigwa sambamba na picha, jambo lililoleta taabu ya sauti kuachana na midomo. Hata hivyo santuri zilikuwa na faida moja ambayo mkanda wenye sauti haukuwa nayo: filamu moja iliweza kutembea na maelezo ya lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo pamoja na Kiganda, Kikuyu, Kijaluo, Kisukuma, Kinyanja na Kibemba. Kati ya Septemba 1935 na Februari 1936 gari la mradi lilisafiri maili zipatazo 9,000 kupitia Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, likionyesha filamu mbele ya makumi ya maelfu ya watu. Hadithi nyingi zilifuata muundo wa watu wawili, mwerevu na mjinga. Mmoja anaficha fedha zake nyumbani na kuibiwa, mwingine anaziweka katika benki ya posta. Msomaji wa ngano hatashindwa kuutambua muundo huu. Tofauti ni kwamba katika ngano sungura mwerevu humshinda mwenye nguvu, ilhali katika filamu za Vugiri mwerevu ni yule anayemtii.

Kitabu kinapofikia suala la nani atengeneze filamu za baadaye, kauli zake zinapingana. Waandishi wanakiri kwamba vijana wa Kiafrika wenye akili wanaweza kufunzwa kazi nyingi za kawaida za chumba cha giza na studio ya sauti. Papo hapo, kazi ya kuamua nini kisimuliwe inabaki mikononi mwa Wazungu. Manthia Diawara, katika African Cinema: Politics and Culture (1992), aliigusa hoja hii na kuonyesha kwamba umwinyi wa mradi haukufuta kabisa uwezekano uliomo ndani yake. Huo ni usomaji wa haki. Serikali za makoloni hazikukubali kubeba gharama, na mradi ukafa mwaka wa 1937, lakini wazo la kutengeneza filamu papa hapa, kwa bei nafuu na kwa lugha za hapa, lilikuwa limekwisha kuandikwa.

Lililofuata lilikuwa zito zaidi. Mwaka wa 1939 serikali ya Uingereza iliunda Colonial Film Unit, na aliyeiongoza alikuwa William Sellers, afisa wa afya aliyekuwa akionyesha filamu huko Nigeria. Katika makala yake ya mwaka wa 1941 na katika jarida la kitengo hicho, Colonial Cinema, uzoefu wake uligeuka kuwa sarufi. Filamu ya Mwafrika iende polepole. Kila tendo lionyeshwe tangu mwanzo hadi mwisho. Kamera isihamehame, picha isikatwe ghafla kutoka mahali hadi mahali, na hila zote za uhariri ziepukwe. Kisengere nyuma, yaani kuirudisha hadithi kwenye wakati uliopita, kilipigwa marufuku kabisa. George Pearson, mwongozaji mkongwe wa filamu za Uingereza aliyefanya kazi pamoja na Sellers, aliieleza nadharia hii katika mkutano uliofanyika London mwezi wa Januari 1948 kuhusu filamu na maendeleo ya makoloni. Ni kejeli ya historia kwamba Pearson alipochapisha tawasifu yake mwaka wa 1957 aliiita Flashback. Mbinu aliyoamini kuwa ingemchanganya mtazamaji wa Kiafrika ndiyo aliyoichagua kuwa jina la maisha yake mwenyewe.

Sarufi hii ilipata wapi ithibati? Ukiyasoma maandishi hayo kwa makini utaona kwamba ushahidi wake mkuu si utafiti bali kisa. Kisa mashuhuri ni cha mbu. Wanakijiji wanaonyeshwa filamu kuhusu malaria ambamo mbu anajaza kiwambo kizima, nao wanashusha pumzi na kusema kwamba kwao hakuna mbu wakubwa namna ile. Kimesimuliwa na waandishi wengi, kila mmoja akikiweka mahali pake, na kina sifa zote za fasihi simulizi: kifupi, kinachekesha, kinahamishika, na hakimtaji yeyote kwa jina. Kisa hicho hakiachi nafasi ya kujiuliza kama aliyetoa jibu lile alikuwa akifanya mzaha. Mtu anayeulizwa swali la kitoto na mgeni mwenye cheo anaweza kumjibu kwa kejeli, na mgeni akaondoka akiamini ameyapata maarifa.

Kisa cha pili ni cha kuku, nacho kimekwenda mbali zaidi. John Wilson alikisimulia katika makala ya mwaka wa 1961 kuhusu uwezo wa kusoma filamu barani Afrika. Filamu ilitengenezwa polepole sana, kwa mujibu wa kanuni, ikimwonyesha mkaguzi wa afya akiwaelekeza wanakijiji jinsi ya kuondoa maji yaliyotuama. Watazamaji walipoulizwa wameona nini, walijibu kwamba wameona kuku. Watengenezaji hawakujua kwamba kulikuwa na kuku. Waliupekua mkanda picha kwa picha, na kweli wakamkuta: anapita kwa muda wa kama sekunde moja katika pembe ya chini ya picha. Wilson alihitimisha kwamba asiyejua kusoma maandishi haitazami picha kwa ukamilifu wake bali huikagua sehemu kwa sehemu. Marshall McLuhan alikichukua kisa hicho katika The Gutenberg Galaxy (1962) na kukifanya uthibitisho kwamba jamii zisizo na maandishi haziwezi kuona filamu wala picha bila mafunzo mengi. Kwa njia hiyo kuku wa kijiji kimoja cha Kiafrika akaingia katika nadharia ya mawasiliano ya dunia nzima.

Lakini kisa chenyewe kinasema kinyume cha fundisho lake. Kati ya pande mbili zilizohusika, upande ulioshindwa kuiona picha ni wa watengenezaji. Wao ndio walioitazama kazi yao mara nyingi, wakaona tu kile walichokusudia kionekane. Watazamaji waliona kilichokuwemo. Aidha, katika filamu iliyopunguzwa mwendo hadi ikakosa uhai, kuku huyo alikuwa miongoni mwa vitu vichache vilivyotenda jambo bila kuelekezwa. Mhakiki wa fasihi angekuwa wa kwanza kulitambua hilo, kwa maana kazi yake ni kusoma pembe za matini ambazo mwandishi hakuzilinda.

Zaidi ya hayo, ushahidi wa kupinga sarufi ya Sellers ulikuwepo tangu mwanzo, tena kwenye vitabu. Julian Huxley alijaribu kuonyesha filamu katika Afrika Mashariki mwaka wa 1929, na katika Africa View (1931) alieleza kwamba watazamaji wake waliweza kuzielewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Peter Morton-Williams alifanya utafiti wa vijijini nchini Nigeria na kuonyesha kwamba mapokezi ya filamu yalitegemea sana kama maudhui yake yaligusa maisha na imani za watazamaji. Kwa maneno mengine, tatizo halikuwa macho. Tafiti hizi hazikufutwa na yeyote. Zilipitwa tu, kwa kuwa hazikuwa na kuku wala mbu.

Na mijini mambo yalikuwa dhahiri kwa yeyote aliyetaka kutazama. Zanzibar ilikuwa na jumba la sinema la Royal tangu mwaka wa 1921. Laura Fair, katika Reel Pleasures (2018), ameandika kwa kina jinsi watu wa pwani na bara ya Tanzania walivyofurika kwenye majumba ya sinema, na jinsi Awara ya Raj Kapoor, filamu ya Kihindi ya mwaka wa 1951, ilivyowateka. Filamu hiyo inaanzia mahakamani na kisha kurudi nyuma miaka mingi kueleza kisa kilichomfikisha mshtakiwa kizimbani. Ina pia ndoto ndefu iliyojaa mawingu, nyimbo na mashetani. Ni kisengere nyuma juu ya kisengere nyuma, kwa lugha ambayo wengi wa watazamaji hao hawakuizungumza. Walilia mahali pa kulia.

Wala hili lisimshangaze mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Hadhira iliyokulia katika utendi ilizoea msimulizi anayeacha uwanja wa vita ghafla na kuhamia nyumbani kwa mjane, kisha akarudi vitani. Hadhira ya ngano ilizoea mahali kubadilika kwa wimbo mmoja na miaka kupita kwa sentensi moja. Waandishi wa miongozo ya filamu waliisaka akili ya Mwafrika kwenye kiwambo chao tu. Hawakuketi kusikiliza hadithi zilivyokuwa zikisimuliwa mita chache kutoka lilipoegeshwa gari la sinema.

Ingekuwa kosa kudai kwamba maandishi hayo yalitawala kila kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg ilitengeneza filamu za Kiswahili nchini Tanganyika zikiongozwa na Donald Swanson, miongoni mwazo Muhogo Mchungu, ambamo alicheza kijana mmoja wa idara ya maendeleo ya jamii, Rashidi Mfaume Kawawa. Mwaka wa 1962 kijana huyo alikuwa Waziri Mkuu. Filamu hizo zilimchekea mshamba anayeingia mjini, na kwa kiasi hicho zilirithi mjinga wa Vugiri. Hata hivyo zilikuwa na wahusika wanaozungumza Kiswahili chao wenyewe mbele ya kamera, si sauti ya santuri inayowaeleza wao ni nani.

Kuhusu zile filamu 3 za Vugiri zilizosalia, moja inahusu safura, nyingine mafunzo ya uganga wa mifugo, na ya tatu mashamba ya wakulima wa Kingolwira. Kwa karibu miongo tisa zimeelezwa kupitia maneno ya Notcutt na Latham. Bado kuna kazi ya kuzitazama upya polepole, tena kwa kuanzia pembeni.