Safari ya Kuzuru Njia ya Reli

Ndugu zetu wa Busia na Tororo wamekusudia, Inshallah, kufunga safari ya kuzuru athari za Wahindi na kutazama wanyama wa mwitu. Wako vijana wanaodhani kwamba sharti tuvuke bahari hata Bombay. La, hasha! Athari hizo zi papa hapa, kando ya reli.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Baadaye, katika miaka ya 1920, njia ya Nakuru na Eldoret ikaletwa hata Tororo. Katika ujenzi ule wa kwanza waliletwa Wahindi wapatao 32,000, wengi wao watu wa Punjab, Waislamu wakiwamo. Kiasi cha 2,500 walikufa kazini. Nyuma ya reli yakaja maduka, na alama zake tunaziona Tororo katika majumba yenye baraza, ambayo wenyewe walifukuzwa na Idi Amin mwaka 1972.

Basi msafara utapita Nairobi, ushuke hata mto Tsavo. Hapo, mwaka 1898, simba wawili wa kiume, wasio na manyoya ya shingoni, waliwala wajenzi wa daraja hata kazi ikasimama. Patterson, msimamizi wa ujenzi, akawaua mwezi wa Desemba. Leo ni mbuga ya taifa, iliyoanzishwa mwaka 1948, na ndovu wake ni wekundu kwa vumbi la nchi.

Tukiisha kupita Voi, tutafika Mackinnon Road, penye msikiti kando ya reli na kaburi la Seyyid Baghali, Mpunjabi aliyefanya kazi relini. Husimuliwa kwamba karai la zege lilielea juu ya kichwa chake. Wasafiri wengi husimama pale kuomba dua.

Lakini, ndugu msomaji, liko neno moja. Patterson aliandika kwamba Wahindi walioliwa na simba wale walikuwa 28; Waafrika, alisema, hawakuwekewa hesabu. Hao nao walikuwa na mama zao. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, kila mmoja na awaulize wazee wake: nani katika ukoo wetu alibeba mataruma, na jina lake nani? Tuyaandike majina hayo, tukayasomee Fatiha huko. Simba wamehifadhiwa katika makumbusho ya Chicago, wanadamu wasipotee.

Wabillahi tawfiki.