Shuka Jeupe la Vugiri

Anayeandika historia ya filamu za hali halisi nchini Tanzania kwa kawaida huanzia Dar es Salaam, mwaka 1968, ilipoundwa Kampuni ya Filamu Tanzania. Naona aanze mapema zaidi, na apande mlima. Mwaka 1935, huko Vugiri juu ya Korogwe, kwenye ukingo wa Usambara Magharibi, ilifunguliwa kambi ya kutengeneza sinema kwa ajili ya Waafrika wa Afrika Mashariki na Kati. Mradi uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment, yaani majaribio ya sinema za kuwaelimisha Wabantu. Fedha zake nyingi zilitoka Carnegie Corporation ya Marekani, mdhamini akawa Baraza la Kimataifa la Misheni, na Ofisi ya Makoloni ya London ikatoa baraka zake. Meja L. A. Notcutt alisimamia upigaji picha, G. C. Latham akasimamia upande wa elimu. Hadi mradi ulipofungwa mwaka 1937, zilikuwa zimetengenezwa filamu zipatazo 35. Nairejea kambi hiyo kwa sababu ndani yake limelala swali ambalo hadi leo linaziandama filamu zote zinazodai kueleza jamii fulani ni akina nani na wamevuka vipi shida zao: je, waliopigwa picha walipata nafasi ya kuiona kazi hiyo na kuijibu? Nashikilia kwamba hapo ndipo pa kuipimia filamu ya namna hii. Ustadi wa kamera, uzuri wa mandhari, hata asili ya mwongozaji, vinakuja baadaye.

Chimbuko la wazo la Notcutt linatugusa moja kwa moja sisi wa pwani ya kaskazini. Kabla ya Vugiri alikuwa msimamizi wa mashamba ya mkonge Afrika Mashariki, na kitabu alichoandika na Latham mwaka 1937, The African and the Cinema, kinaeleza kwamba mwaka 1926 alifikiria kuweka sinema shambani ili vibarua waridhike na kazi. Kuelewa uzito wa wazo hilo ni lazima kukumbuka mkonge ulivyokuwa. Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, ikapona miche 62 tu, na kutokana na hiyo yakaenea mashamba ambayo kufikia miaka ya 1930 yalikuwa yakiipa Tanganyika zao lake kubwa la kuuza nje. Lakini wenyeji, Wadigo, Wasegeju, Wabondei na Wasambaa, walikuwa na mashamba yao, minazi yao na bahari yao, na wengi hawakuona sababu ya kwenda kuchomwa na miiba ya mkonge wa mtu mwingine. Wakaletwa watu wa mbali: Wanyamwezi, Waha, Wabena, Wamakonde, na wengine kutoka ng'ambo ya mipaka. Kila mmoja aliandikwa namba, na jina likawashika: manamba. Kambi zao zilitapakaa Pangani, Muheza na Korogwe, hadi Mjesani upande wa Maramba. Manamba aliishi kwa kipande, karatasi ya siku 30 za kazi, na siku haikutiwa alama mpaka akamilishe idadi ya matita aliyopangiwa, kila tita majani 30, yamekatwa, yamefungwa na kupangwa kando ya reli ya shamba. Mtu huyo hakuulizwa angependa kuona nini kwenye shuka jeupe la sinema. Sinema ilifikiriwa kwanza kama dawa ya uhaba wa vibarua, na mwanzo huo uliacha alama yake.

Chukua filamu ya mradi huo iliyohusu akiba ya posta. Wafanyakazi wawili wanalipwa mshahara. Mmoja anaufukia ardhini, mwizi anakuja na kuufukua. Mwenzake anaupeleka posta, na fedha zake zinakaa salama. Filamu nyingine zilihusu safura, malaria ya watoto wachanga, kodi, mmomonyoko wa udongo na uuzaji wa kahawa. Picha zilipigwa bila sauti, na maneno yakarekodiwa kando kwenye santuri, ili filamu moja iweze kusema Kiswahili, Kikuyu, Kiluo, Kiganda, Kinyanja au Kibemba. Kisha lori likabeba projekta na jenereta kwenda kwa watu. Ubunifu wa santuri naustahi kwa dhati. Hata leo filamu nyingi za Kitanzania haziwafikii watu kwa lugha za nyumbani kwao. Wapo watakaosema, na wana hoja, kwamba Waafrika hawakuwa watazamaji tu: ndio walioigiza, ndio waliofasiri, ndio walioweka sauti. Kweli. Sauti walikuwa nayo. Usemi ndio hawakuwa nao. Nani awe mjinga na nani mwerevu ilikuwa imekwisha kuamuliwa kabla kamera haijafunguliwa. Huenda yule anayefukia fedha alikuwa na sababu: posta iko mbali, karani hamjui, mshahara ni kidogo mno hata kuusafirisha ni hasara. Kisa kilivyosukwa, sababu hizo hazikuwa na pa kuingilia.

Pingamizi jingine ni la wajuzi wa fani. Watasema zile zilikuwa filamu za mafunzo, na si haki kuzipima kwa kipimo cha filamu za hali halisi. Lakini mpaka huo haukuwapo wakati ule. Mskoti John Grierson, anayehesabiwa kuwa baba wa fani hii kwa Waingereza, alilitumia neno documentary mwaka uleule wa 1926 alipoandika juu ya filamu ya Robert Flaherty kuhusu watu wa Samoa, na kuanzia mwaka 1933 kikosi chake cha filamu kilikuwa chini ya Posta ya Uingereza. Posta huko, posta huku Vugiri: dola moja, imani moja kwamba picha itamfanya raia afuate njia iliyochorwa. Mwaka 1939 Grierson alikwenda Kanada na kuanzisha Bodi ya Taifa ya Filamu, chombo cha serikali kilichobeba imani hiyohiyo. Tofauti ikatokea baada ya miaka 28, ndani ya chombo hichohicho, na ndiyo inayonifanya niitazame Kanada kwa makini.

Pwani ya Newfoundland, mashariki kabisa mwa Kanada, kipo Kisiwa cha Fogo, wakazi wake wakati huo yapata 5,000, karibu wote wavuvi. Serikali ilikuwa na mpango wa kuhamisha vijiji vidogo vya pwani na kuvikusanya mahali penye huduma, na Fogo ilikuwa ikikabiliwa na hatari ya kuhamishwa. Mwaka 1967 Colin Low wa Bodi ya Filamu alikwenda huko chini ya mpango ulioitwa Challenge for Change, akishirikiana na wataalamu wa maendeleo wa Chuo Kikuu cha Memorial. Akatengeneza filamu fupi 27. Badala ya kuzipeleka kwanza mjini, alizionyesha kisiwani, kwa wahusika wenyewe na majirani zao. Wavuvi wa kijiji kimoja wakawaona wa kijiji kingine wakilalamikia jambo lilelile, watu ambao kwa sababu ya tofauti za dini na umbali wa njia hawakuwa na mazoea ya kukaa pamoja. Baadaye waziri wa uvuvi wa jimbo alizitazama, naye akapigwa picha akijibu, na jibu lake likarudishwa kisiwani. Wakazi waliunda ushirika wa uvuvi, wakajenga mashua kubwa zaidi, na kisiwa hakikuhamishwa. Sidai kwamba filamu peke yake ndiyo iliyowaokoa. Harakati za ushirika zilikuwa zimeanza kabla ya kamera kufika. Filamu ilichofanya ni kuwapa watu wale kioo, na baada ya kioo, mlango wa kumfikia mwenye mamlaka.

Msomaji wa Tanzania hawezi kusoma habari hizo asikumbuke Operesheni Vijiji. Mwezi Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na hadi mwaka 1976 mamilioni ya watu walikuwa wamehamishwa. Miaka ileile Kampuni ya Filamu Tanzania ilitoa Fimbo ya Mnyonge, filamu ya kuhimiza ujamaa. Nia yake ilikuwa njema, na waliotengeneza walikuwa Watanzania waliojivunia taifa lao. Hata hivyo, ukiiweka kando ya ile ya akiba ya posta, umbo ni lilelile: njia iliyo sawa inajulikana tangu mwanzo, na kisa kinamsindikiza mtazamaji hadi aifikie. Aliyehamishwa usiku, nyumba yake ikabaki nyuma bila paa, hana pa kusemea. Hapa ndipo ninapoona kosa la wanaodhani tatizo la Vugiri lilikuwa rangi ya Notcutt. Colin Low hakuwa mtu wa Fogo. Wa Kampuni ya Filamu walikuwa wa kwetu. Asili ya mwongozaji ina maana kubwa, na Alanis Obomsawin, Mwabenaki, mmoja wa wenyeji asilia wa Kanada, aliyekaa upande wa Wamohawk ndani ya mzingiro wa siku 78 huko Oka, Kanada, mwaka 1990 na kutoa filamu yake Kanehsatake mwaka 1993, alionyesha mambo ambayo kamera za nje ya vizuizi hazikuyaona. Lakini uzalendo wa mpiga picha haumpi mpigwa picha haki ya kujibu. Haki hiyo huundwa kwa utaratibu, na utaratibu huo mgeni anaweza kuujenga, mwenyeji anaweza kuupuuza.

Itasemwa kwamba Kanada ilikuwa tajiri na sisi tulikuwa fukara. Filamu ilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na nchi haikuwa na uwezo wa kuonyesha, kusikiliza na kurudi tena. Jibu liko katika redio. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza. Redio katikati, kitabu mkononi, kiongozi wa kikundi akiuliza, wenzake wakijadili na kuamua wachimbe choo wapi na wafyeke wapi. Nchi ileile, umaskini uleule, mwaka uleule wa amri ya kuhamia vijijini. Uwezo wa kuwakalisha watu na kuwasikiliza tulikuwa nao. Hatukuupeleka kwenye picha.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni hili: ukimpa mpigwa picha nafasi ya kukagua, utapata filamu ya kujisifu, na wenye nguvu kijijini watawafunga wanyonge midomo. Maramba ni mfano mzuri wa ugumu huo. Iko upande wa pili wa Bonde la Lwengera ukitoka Vugiri, chini ya Usambara Mashariki. Wamo Wadigo na Wasambaa wenye ardhi ya mababu, wamo wajukuu wa manamba ambao babu zao walikuja na namba, ipo na kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa inayopokea vijana wa kila mkoa. Ukisema "jamii ya Maramba iikague filamu", utakuwa umempa nani kalamu? Nakiri kwamba mkutano mmoja wa hadhara hautoshi. Mbele ya mwenyekiti na wazee, mwanamke aliyeolewa kutoka kambini anaweza kunyamaza. Lakini dawa yake ni kuonyesha mara nyingi zaidi, kwa makundi mbalimbali, na kuziacha kauli zinazopingana zibaki ndani ya filamu. Fogo walifanya hivyo. Mojawapo ya filamu zile inamhusu Billy Crane, mvuvi anayekata tamaa na kuhamia Toronto. Kauli yake ilikuwa chungu kwa waliotaka kubaki, na ilionyeshwa hivyohivyo. Hofu ya kujisifu hupungua pale mtu anapojua kwamba jirani yake naye atazungumza.

Tunao mfano wetu wa karibu zaidi, wa mwongozaji kujizuia kuwasemea wapigwa picha, ingawa kujizuia peke yake si haki ya kujibu. Mwaka 1992 Flora M'mbugu-Schelling alitoa These Hands, filamu ya dakika 45 kuhusu wanawake wakimbizi kutoka Msumbiji waliokuwa wakiponda kokoto kwenye machimbo ya nje ya Dar es Salaam. Hakuna msimulizi. Mwanamke ameketi chini, jiwe mbele yake, nyundo inapanda na kushuka, mkono unasukuma vipande pembeni, watoto wako hapohapo kwenye vumbi. Kazi inasimama, wanaimba, wanacheza, kisha nyundo inarudi. Kwa kuwa hakuna sauti inayotueleza tuwaonee huruma au tuwapongeze, tunalazimika kuusoma mwendo wa mikono yao wenyewe. Naiona filamu hii kuwa ya juu kuliko nyingi zilizotengenezwa nchini, kwa sababu mwongozaji alijizuia mahali ambapo Vugiri na Fimbo ya Mnyonge hazikujizuia.

Kati ya zile filamu 35, chache sana zimesalia. Ipo ya safura, ipo ya kuwafundisha Waafrika utabibu wa mifugo, ipo ya mashamba ya wakulima wa Kingolwira, Morogoro, zote za mwaka 1936, na zimehifadhiwa Uingereza. Siku hizi nakala zake zinaweza kutumwa hata kwa simu. Wanaosimamia makumbusho na nyaraka za taifa waombe nakala hizo, wazipeleke Kingolwira, Vugiri na Maramba, watandike shuka jioni uwanjani, kwanza kwa wanawake, kisha kwa vijana, kisha kwa wazee waliokata mkonge. Santuri za zamani zinyamaze, picha ipite kimya kama ilivyopigwa, na kinasa sauti kiwekwe katikati ya waliokaa, wao ndio waseme wanachokiona humo; na wakisimuliwa kisa cha yule aliyefukia fedha zake, waseme alikuwa na sababu gani.