Nyota Akihama, Klabu Inakufa?

Wasee, kule Australia kuna ubishi haujawahi kuisha: nani alifaidika Lance Franklin alipohama?

Kwanza muelewe, mpira wao ni mwingine kabisa. Uwanja una umbo la yai, wachezaji ni 18 kwa 18, na mpira unaruhusiwa kushikwa.

Franklin, aka Buddy, alikuwa moto Hawthorn, klabu ya Melbourne. Mwaka 2008 alifunga mabao 113, wakabeba kombe. 2013 wakabeba tena, halafu jamaa akaenda Sydney Swans: mkataba wa miaka 9, karibu dola milioni 10 za kwao. Kwa sheria, Hawthorn wangeweza kumbakisha kwa kutoa ofa sawa. Hawakutoa.

Mashabiki wao waliumia. Lakini 2014 timu hizo mbili zikakutana fainali, na Hawthorn wakashinda kwa pointi 63. 2015 wakabeba tena. Buddy naye alicheza fainali tatu na Sydney, 2014, 2016 na 2022, na zote akapoteza.

So Sydney walipigwa? Si rahisi hivyo. Machi 2022 alipofunga bao lake la 1,000, maelfu ya mashabiki walimiminika uwanjani kumzunguka.

Mimi naona hivi: ligi ile ina kikomo cha mishahara, kwa hivyo pesa ukimpa mmoja, wengine wanabanwa. Hawthorn walichagua kikosi, wakapata makombe. Sydney walichagua nyota, wakapata usiku ambao watasimulia wajukuu.

Wewe ungechagua nini?