Waya wa Ardhi katika Land Rover: Asili ya Hitilafu na Namna ya Kuitafuta

Tunapoadhimisha miaka kumi ya chama chetu kikuu, ni haki kulikumbuka gari lililobeba mabwana shamba, mizani na mbegu katika nchi hii kabla lami haijafika, yaani Land Rover. Wazee wa Iramba wanalijua kwa kupanda Sekenke na kuvuka matope ya Wembere. Mafundi wanalijua pia kwa maradhi yake ya umeme, ambayo asili yake imo katika historia ya gari lenyewe.

Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza huko Amsterdam, tarehe 30 Aprili, 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, na chuma kiligawiwa kwa kipimo. Basi Maurice Wilks na wenzake wa kampuni ya Rover walitengeneza bodi ya alumini, wakaifunga juu ya chasisi ya chuma. Alumini haili kutu kama chuma, na ndiyo sababu bodi nyingi za zamani zingali nzima. Lakini madini hayo mawili yakigusana penye unyevu, hasa wenye chumvi, alumini huliwa ikaacha unga mweupe, na unga huo huzuia umeme. Nasi twakaa kando ya Singidani na Kindai, maziwa ya maji ya chumvi.

Yafaa ieleweke kwamba umeme wa gari huenda na kurudi. Huenda kwa waya mpaka kwenye taa, kisha hurudi betrini kwa kupitia bodi na chasisi. Njia hiyo ya kurudi ndiyo iitwayo ardhi, ijapokuwa haigusi udongo. Injini nayo imekalia mipira isiyopitisha umeme. Kwa hiyo yahitaji waya mnene wa kuiunganisha na chasisi.

Njia hiyo ikiziba, dalili huonekana mbali na kosa. Taa hufifia, ukikanyaga breki, taa nyingine hucheza, stata huzunguka kwa uvivu. Pengine umeme wa stata hutafuta njia kwa kebo ya choki, nayo ikapata moto. Mwenye haraka hununua betri, kisha stata, kisha dinamo, na fedha ya mkulima yateketea kwa ajili ya nati moja iliyolegea.

Fundi mwenye subira huweka ncha moja ya kipimo cha volti kwenye kichwa cha betri kilichofungwa kwa ardhi, na ya pili kwenye chuma kitupu cha injini, huku mwenzake akipiga stata. Kipimo kikizidi nusu volti, njia ina kizuizi. Hapo husogeza ncha hatua kwa hatua, kutoka kichwa cha betri hadi waya, chasisi, na injini. Pale kipimo kinaporuka ndipo penye kosa. Asiye na kipimo aunganishe waya wa akiba kutoka ardhi ya betri hadi kwenye kikombe cha taa. Taa iking'aa, ardhi yake ni mbovu. Kisha afungue betri, asugue kwa msasa mpaka madini yang'ae, akaze, na apake grisi.

Tahadhari moja yahitajika. Magari ya kwanza yalifungwa upande wa chanya kwenye chasisi, kama ilivyokuwa desturi ya Waingereza. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 upande wa hasi ukachukua nafasi yake. Afungaye oltaneta kwenye gari kuukuu bila kuangalia jambo hili ataiunguza.

Mvua ya Singida ni ya msimu mmoja. Mbegu ya alizeti ikilala njiani kwa sababu gari halikuwaka, hakuna mvua ya pili ya kuingojea. Kwa hiyo, ndugu wanachama, kila gari la ushirika na likaguliwe ardhi yake kabla ya Novemba.