Vidonda vya Tumbo Si Mawazo Tu

Mama mpendwa, je, umeambiwa tumbo linakuchoma kwa sababu ya mawazo na pilipili? Hata madaktari waliamini hivyo miaka mingi. Mwaka wa 1982, huko Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walifaulu kukuza bakteria kutoka tumboni mwa wagonjwa, wakasema ndio chanzo cha vidonda vingi. Wengi walikataa. Mwaka wa 1984 Marshall akanywa bakteria hao mwenyewe, akaugua tumbo na kutapika. Mwaka wa 2005 walitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Basi mama, usivumilie wala kujinunulia dawa za maumivu. Nyingine, kama aspirini, huzidisha vidonda. Nenda kituo cha afya upimwe. Ukipewa dawa za kuua bakteria, zimalize zote, hata maumivu yakiisha.