Ngoja Ngoja na Mshahara wa Mgonjwa

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Ukweli wa methali hiyo huonekana wazi katika nyumba ya mfanyakazi aliyelala kitandani, huku mwajiri wake akiwa bado anafikiri kama atamlipa au hatamlipa. Kodi ya chumba cha Kawempe au Makindye haingoji, mwenye duka hana subira ya deni, wala dawa hainunuliwi kwa ahadi. Mwajiri anayekataa waziwazi humpa mgonjwa neno la kushitakia. Anayekaa kimya humnyima hata neno hilo. Kwa hiyo historia ya malipo ya ugonjwa ni, kwa sehemu kubwa, historia ya jitihada za kuuvunja ukimya wa mwajiri.

Askari aliyeko kambini huenda asiuone upesi uzito wa jambo hili. Akiugua, hujiandikisha kwa mganga wa kikosi, mganga huamua, na jina lake hubaki katika orodha ya mshahara. Lakini utumishi una mwisho wake. Wengi waliovua sare huko Uganda huajiriwa na makampuni binafsi kulinda mabenki, maghala na viwanda vya Kampala. Wake zao, ndugu zao na watoto wao nao hufanya kazi mjini. Siku homa inapowashika watu hao hakuna mganga wa kikosi wa kuwasemea. Hapana budi wajue sheria inawapa nini, na inawapa kwa muda gani.

Zamani za ukoloni haki hiyo haikuwapo. Katika Afrika Mashariki mfanyakazi wa shamba au wa barabara mara nyingi aliajiriwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Kila siku aliyofanya kazi iliwekwa alama, na mshahara ulitolewa kadi ilipojaa. Siku ya ugonjwa haikuwekwa alama. Aliyeugua wiki mbili hakuonekana kuwa mgonjwa katika hesabu za bwana wake. Alionekana tu kuwa mtu ambaye kadi yake haijajaa.

Na wakati huo huo huko Ulaya jambo hilo lilikuwa limekwisha kutungiwa sheria. Ujerumani ilipitisha sheria ya bima ya ugonjwa mwaka 1883. Wafanyakazi walichangia theluthi mbili na waajiri theluthi moja, na mgonjwa alipewa nusu ya mshahara kwa muda usiozidi wiki 13. Uingereza ilifuata mwaka 1911, ikampa mwanamume mgonjwa shilingi 10 kwa wiki kwa muda wa wiki 26. Jambo kubwa katika sheria hizo halikuwa kiasi cha fedha. Jambo kubwa lilikuwa kwamba fedha zilitoka katika mfuko, na mfuko haukuwa mkononi mwa mwajiri peke yake. Mwajiri akikawia, mgonjwa alikuwa na mlango wa pili wa kubisha.

Mlango huo wa pili haukuletwa Kampala. Mwezi wa Januari 1945 wafanyakazi wa Kampala na wa miji mingine ya Uganda waligoma, wakidai mishahara iliyolingana na bei za wakati wa vita. Ikiwa mshahara wa mtu mzima wa afya ulikuwa haumtoshi, ni dhahiri hali ya mgonjwa ilikuwaje. Sheria za fidia zilikuja, lakini hizo zilimhusu aliyeumia kazini. Aliyelazwa Mulago kwa malaria au homa ya mapafu hakuwa na dai katika sheria hizo.

Baada ya uhuru, Uganda ilitunga Sheria ya Hifadhi ya Jamii mwaka 1967, na mwaka 1985 ikaanzisha Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii kuwa shirika kamili. Mfanyakazi huchangia asilimia 5 ya mshahara wake na mwajiri huongeza asilimia 10. Ni akiba yenye manufaa makubwa kwa uzee, kwa ulemavu wa kudumu na kwa warithi. Hata hivyo haikuundwa kumlipa mtu aliyelala wiki sita na kisha akapona. Mgonjwa anayekwenda kwenye Mfuko kudai mshahara wa mwezi uliopita amebisha mlango usio wake.

Ndiyo maana Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 ina uzito wa pekee. Sheria hiyo ilisema kwamba mfanyakazi aliyekwisha kutumika mwezi mmoja mfululizo, akishindwa kufanya kazi kwa ugonjwa au kwa kuumia, ana haki ya mshahara wake kamili kwa mwezi wa kwanza, pamoja na manufaa mengine ya mkataba wake. Masharti yake ni mawili. La kwanza, amwarifu mwajiri mapema kadiri inavyowezekana, yeye mwenyewe au kwa kumtuma mtu. La pili, mwajiri akitaka, alete cheti cha daktari anayetambuliwa. Malipo hayo hayakufanywa kuwa hisani ya kufikiriwa na mwajiri. Masharti yakitimizwa, mwajiri hana uamuzi wa kukawiza. Ana deni la kulipa.

Nchi jirani zilipima kwa vipimo vingine. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 ilitoa siku 126 katika kila miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 iliweka kiwango cha chini cha siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara. Uganda iko katikati, lakini sheria yake ina saa inayokwenda mbio. Mwezi wa pili ukiisha na ugonjwa ungali unaendelea, mwajiri anaruhusiwa kuuvunja mkataba, mradi atimize yote yaliyomo katika mkataba huo mpaka siku ya kuuvunja.

Sasa hatari ya ngoja ngoja inaonekana wazi. Malalamiko ya mshahara hupelekwa kwa Afisa wa Kazi, na Afisa huyo asipotoa uamuzi katika siku 90, mlalamikaji anaweza kulipeleka dai lake mbele ya Mahakama ya Viwanda. Siku 90 ni miezi mitatu. Mgonjwa aliyengoja mwezi mzima ili asimuudhi mwajiri, kisha akalalamika, anaweza kuipoteza kazi kabla dai lake halijaamuliwa. Haki ya mshahara wa mwezi wa kwanza haifutwi na kuvunjwa kwa mkataba, lakini njaa haijui tofauti hiyo.

Kwa hiyo mgonjwa mwenye busara huanza siku ya kwanza. Huandika barua fupi, au humwandikisha ndugu yake, na kubaki na nakala yenye tarehe. Huomba cheti hospitali kabla hajaulizwa. Siku ya mshahara ikipita bila jibu, huandika tena, na nakala humpelekea Afisa wa Kazi. Asiogope, kwani sheria ile ile imekataza mtu kufukuzwa kazi kwa sababu tu ya kupeleka malalamiko. Na polisi wa zamu anayeletewa shauri kama hili kaunta humsaidia mwananchi kwa kumwelekeza penye haki yake, badala ya kumrudisha nyumbani akidhani serikali imemkataa.

Ni lazima pia ijulikane kwamba sheria hii haiwahusu wanajeshi wa Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Uganda, isipokuwa raia walioajiriwa na jeshi hilo. Vivyo hivyo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 iliihesabu serikali kuwa mwajiri kama mwajiri mwingine yeyote, lakini ikamtenga askari aliyeko jeshini. Madai ya askari hufuata sheria na kanuni za jeshi lake. Jambo hilo linawatwika makamanda wa vikosi mzigo mkubwa zaidi, kwa kuwa askari mgonjwa hawezi kumwendea Afisa wa Kazi. Faili lake likilala mezani, limelala juu ya tumbo la watoto wake.

Kuanzia kadi ya siku 30 mpaka sheria ya mwaka 2006 mfanyakazi wa Kampala amesafiri mbali. Zamani ugonjwa wake haukuandikwa popote. Leo sheria imeuandika, na kwa hiyo naye hana budi kuuandika, mapema na kwa tarehe.