Kutoka chusa la mfupa hadi mnyoo wa plastiki: vyombo vya uvuvi vya kujitengenezea na ziwa Edouard

Vijana wengi wa Butembo na Beni wameona kwenye simu video za wavuvi wa ng'ambo. Mtu anayeyusha plastiki laini ndani ya sufuria ndogo, anaimimina katika kalibu, na baada ya dakika chache anatoa mnyoo mwekundu unaotikisika kama ungali hai. Anautia kwenye ndoano na kuvua. Mnyoo ukikatwa na meno ya samaki, anaokota vipande na kuvirudisha motoni. Kwa familia zilizokimbia vijiji vya ziwa Edouard na kuacha nyavu huko, swali linakuja lenyewe: je, sisi hatuwezi?

Wasikilizaji wapenzi, kujitengenezea chombo cha kuvulia si jambo geni huku kwetu. Huko Katanda, kando ya mto Semuliki, watafiti Alison Brooks na John Yellen walipata ncha za machusa zilizochongwa kwa mfupa. Mwaka 1995 walitangaza kwamba zina umri wa miaka 90,000 hivi. Palepale palikuwa na mifupa ya kambale wakubwa. Ishango nako, pale mto unapotoka ziwani, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba mwaka 1950 akakuta machusa mengine ya mfupa, ya miaka 20,000 hivi, pamoja na ule mfupa wenye mikwaruzo ambao hadi leo uko Brussels. Watu hubishana sana juu ya mikwaruzo ile, kama ni hesabu au la. Mimi huvutiwa zaidi na machusa. Mtu amekula nyama, hakutupa mfupa, akautumia kutafuta chakula cha kesho.

Katika udongo huo wa Ishango ilipatikana pia mifupa ya sangara. Samaki huyo leo hayupo ziwani Edouard. Yuko ziwa Albert na chini ya maporomoko ya Murchison, Uganda, lakini maporomoko ya Semuliki yanamzuia kupanda hadi kwetu. Jambo hili linahusu sana ule mnyoo wa plastiki.

Mnyoo wenyewe ulianzia Akron, katika jimbo la Ohio, Marekani. Mwaka 1949 Nick Creme na mke wake Cosma walichemsha mchanganyiko wa plastiki ya vinili, mafuta na rangi jikoni mwao, wakapata kitu laini chenye umbo la mnyoo. Ulipendwa upesi kwa sababu haufi, hauozi, na unatikisika ukivutwa majini. Ila unamdanganya samaki mwindaji tu, anayekimbilia kitu kinachotembea. Sangara ni wa namna hiyo. Tilapia, ambaye ndiye aliyejaza masoko yetu miaka mingi, hula hasa mwani wa majini. Ukimpitishia mnyoo wa plastiki mbele ya mdomo siku nzima, atakuacha na mnyoo wako. Wanaobaki ni kambale na Bagrus, na hao wawili huwinda zaidi usiku kwa kunusa na kupapasa kwa ndevu. Ndiyo maana mvuvi wa Kyavinyonge huweka kipande cha samaki kwenye ndoano, kitu chenye harufu. Si ujinga wala umaskini wa fikra. Anawajua samaki wake.

Historia nayo ilisukuma watu kwenye nyavu. Hifadhi ya Albert, Virunga ya leo, iliundwa mwaka 1925, na katika miaka ya 1930 wakaaji wengi wa kando ya ziwa waliondolewa, sababu ikitajwa kuwa ni ugonjwa wa malale pamoja na sheria za hifadhi. Kuhama ziwa hakukuanza na vita vya sasa. Uvuvi uliporuhusiwa tena, ulikuja na ushirika, mitumbwi ya kuhesabiwa na nyavu za kununua. Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge ndivyo vijiji vilivyopewa ruhusa upande wa Kongo.

Lakini hata mwenye wavu wa kununua hujitengenezea mengine: maboya ya sandali kuukuu na chupa za maji, vizito vya mawe. Hapo ndipo moto huingia, na hapo nataka tusikilizane vizuri.

Ile plastiki ya minyoo ni vinili iliyochanganywa na mafuta maalumu. Huyeyuka karibu na digrii 175, polepole, huku ikikorogwa. Vipande vya kurudisha motoni lazima viwe vikavu kabisa, kwani tone moja la maji hurusha plastiki ya moto usoni. Ikizidi moto hugeuka kahawia na kutoa moshi wenye asidi unaochoma macho na mapafu. Bidoni na chupa za maji ni plastiki nyingine kabisa: ziyeyushe upendavyo, zikipoa ni ngumu kama kijiti, hazitakupa mnyoo. Risasi ya betri kuukuu, ambayo wengine huyeyusha kwa ajili ya vizito, ni mbaya zaidi, maana sumu yake hubaki kwenye udongo ambapo watoto huchezea.

Tangu mwezi wa tatu 2024, M23 walipoingia Vitshumbi, kuna wavuvi wanaolala mbali na maji. Upande wa Beni mauaji yamewahamisha watu tangu mwaka 2014. Ndani ya kibanda cha turubai mlango ni mmoja, na sufuria mara nyingi ni moja. Anayetaka kujaribu, afanye nje, upepo ukimpiga mgongoni, na kwa kopo ambalo halitapikiwa tena ugali.